Uliniuliza Kama Nataka Uende Puri

Mwende wangu,

Barua za zamani zilianza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda Silver Spring kuwaaga wenzako, umekula nusu chapati ukiwa umesimama, na sweta umeiacha kitini ingawa nje kuna baridi. Yangu utaijua ukisoma. Nimejikalia jikoni hapa Beltsville, masanduku yako yameziba njia ya kwenda chooni, na kila nikipita naligonga lile kubwa kwa goti. Nimeshalitukana vya kutosha.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua utasoma polepole, ukisogeza midomo, kama ulivyokuwa ukiisoma ile Biblia ya watoto niliyokuagizia Nairobi. Sitaki uimalize haraka. Ningekuandikia kwa Kiingereza ungeipitishia macho kabla ndege haijaruka, halafu ungenitumia ile picha ya kidole gumba.

Mambo ya pasipoti, chanjo na maji ya kunywa sitayagusa. Umeyapanga vizuri kuliko nilivyopanga mimi, niliyetua nchi hii mwezi wa baridi kali na sanduku la unga na koti la mvua. Hapa nataka kujibu swali lako tu, lile la kwenye gari.

Jumapili ile mchungaji aliuliza ni nani ana safari aombewe. Ukasimama. Akauliza unaenda wapi, na kabla hujafungua mdomo nikajibu mimi: India, masomo. Mama Kyalo, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kuridhika na jibu fupi, akageuka kitini akauliza masomo gani. Nikasema kompyuta. Kompyuta, Mwende. Wewe uliyeanza kucheza Odissi, ile ngoma ya Kihindi, ukiwa bado na meno ya utoto, uliyepiga miguu kwenye sakafu hii na njuga zako mpaka jirani wa chini akapanda kulalamika. Watu wakakuwekea mikono, wakakuombea upate akili ya kompyuta, na ukasema amina.

Uliniuliza njiani, tulipofika kwenye yale mashamba ya serikali yenye ng'ombe wa utafiti. Tangu uanze shule nikikusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza, na nilishazoea. Siku hiyo ulitafuta maneno moja moja. "Mama," ukasema, "unataka niende, ama hutaki?"

Nikakujibu, "Ni wewe, mami. Fanya unavyoona." Halafu nikawasha redio.

Tangu hapo tumeongea habari za tiketi na nguo za kufua. Kesho unaondoka ukidhani nakuonea aibu, na pengine ukidhani kwamba kwangu ni mamoja uende ama ubaki. Nimejaribu kulisema uso kwa uso. Juzi nilikuja mpaka mlangoni kwako, nikakuuliza kama una soksi za kutosha, nikarudi kulala.

Nianze na Aai, maana yeye ndiye aliyekupa Puri. Wewe unakumbuka upande wako: pipi za nazi, hadithi, paja la kulalia. Mimi nakumbuka siku ya kwanza, yule mhandisi wa Greenbelt aliponipeleka chumbani kwa mama yake niliyeajiriwa kumtunza. Kwenye rafu kulikuwa na sanamu tatu za mbao, mweusi, mweupe na wa manjano, macho ya duara kama visahani, mikono bila viganja. Mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa kutoka Machakos. Nikasema kimoyomoyo, Yesu nisaidie, hapa simalizi wiki. Yule bibi akaniangalia, akamwambia mwanawe jambo kwa lugha yao, wakacheka. Baadaye nikajua alisema, "Huyu anaogopa. Mpeni chai."

Ulikuwa huna wa kukuangalia ukitoka shule, na baba yako alikuwa ameshahamia Texas na mambo yake. Aai mwenyewe ndiye aliyesema nikulete. Akakwambia umwite Aai, yaani nyanya kwa lugha yao. Nilimruhusu kwa shingo upande, nikidhani ni kwa muda.

Alinifundisha Puri nikimkata kucha, nikimpaka mafuta miguuni, nikimwogesha. Mji wa pwani, alisema, ambao watu huuhiji kutoka India nzima, na wazee wengine huhamia huko ili wafie huko. Bahari yake ina kelele na mchanga huingia mpaka kwenye chumvi. Jiko la hekalu ni kubwa kuliko nyumba zote za mtaa wao pale Greenbelt. Hupika kwa vyungu vya udongo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na aliapa kwamba cha juu kabisa ndicho kinachoiva kwanza. Nilimwambia aache kunidanganya, kwani moto uko chini. Akasema nikafundishe wapishi wa Mungu kupika. Chakula kile kikishatolewa sadaka, tajiri na mfagiaji huketi chini na kula chungu kimoja, na hakuna wa kusema huyu kanichafulia.

Lakini lililonigusa ni ile homa. Unalijua vizuri kuliko mimi: kila mwaka msimu wa joto miungu yao hutolewa, huogeshwa hadharani kwa maji mengi ya kisima, kisha huugua. Hulazwa. Milango hufungwa kwa wiki mbili, mahujaji huambiwa hawawezi kuonana nao, na wahudumu hubaki ndani wakiwapa dawa za mizizi na matunda. Aai alinieleza hayo siku ambayo mgongo ulikuwa unaniuma mpaka machozi, nikimtoa kwenye beseni. Nikamuuliza, kwa hiyo Mungu wenu ana watu wa kazi kama yangu? Akasema ndiyo, na ni kazi ya ukoo, haipewi mtu hivi hivi. Sikubadilisha dini, na hukuniona nikipiga magoti pale. Ila nilisimama wima kidogo siku hiyo. Kazi ile hapa nchini watu huitamka kwa sauti ya chini, hata mimi nilikuwa nikiwaambia ndugu zangu kwamba nafanya mambo ya hospitali.

Halafu ile hadithi uliyokuwa ukimwomba airudie. Wakipona, yule mweusi, Bwana wa Puri, hupanda gari kubwa la mbao, kaka yake na dada yake kila mmoja na lake, wakavutwa na umati mpaka kwa shangazi yao. Mke anaachwa nyumbani. Mke huyo anakasirika, anafuata, anavunja kipande cha gari la mumewe, anarudi zake. Mume akirejea anakuta mlango umefungwa. Makuhani huimba ugomvi wao, wengine ndani upande wa mke, wengine nje upande wa mume, mpaka peremende za maziwa zitolewe na mlango ufunguliwe. Wewe ulipenda sehemu ya peremende. Mimi nilimpenda mke. Nilimwambia Aai, huyo ningeweza kukaa naye kanisani. Na angalia sasa: nimekufungia mlango wiki hizi zote, wala kipande cha gari sikuvunja. Nimekunja nguo.

Nyanya yako wa Machakos hakuwa mtu wa kuvunja gari pia. Alipoanza kuugua nilimpigia kila Jumamosi. Makaratasi yangu yalikuwa kama yalivyo mpaka leo; kibali cha kazi ninacho, lakini nikivuka mpaka sina hakika ya kurudi. Nikamuuliza, "Mama, nije?" Akasema, "Usije. Mimi ni mzima. Ukija watakufungia nje, na mtoto?" Sauti yake ilikuwa nyembamba. Niliisikia, Mwende, nilisikia kabisa kwamba haikuwa sauti ya mtu aliye mzima. Nikashukuru ndani yangu kwamba amenikataza, maana sikujua ningefanya nini kama angesema njoo.

Mazishi yake niliyatazama kwenye simu, nimeketi ukingoni mwa beseni la kuogea nyumbani kwa Aai, kwa sababu huko ndiko mtandao ulikuwa haukatiki na ndiko ningeweza kulia. Aai alinisikia. Akaja na kile chuma chake cha kutembelea, hatua kwa hatua, akaketi juu ya kifuniko cha choo, akachukua simu akanishikia, maana mkononi mwangu jeneza lilikuwa linaruka ruka kiooni. Hakuelewa wimbo hata mmoja. Walipomaliza kufukia aliniuliza kama mama yangu alinikataza kwenda. Nikasema ndiyo.

"Akina mama ni waongo," akasema. "Sote."

Alisema bila ubaya wowote, kisha akanituma nikachemshe chai.

Ndiyo maana najilaumu zaidi kwa lililofuata. Mwaka ule mwanawe alimuuliza mezani kama angependa kurudi Puri, yeye angeomba likizo ampeleke. Nilikuwa naosha vyombo. Aai akajibu kwamba joto litamuua, labda mwakani. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa na mdomo wake mwenyewe kwamba akina mama ni waongo. Nilikuwa namwona kila asubuhi akigusa rafu ile kabla miguu yake haijagusa chini. Ningeweza kugeuka na kusema, bwana, mama yako anataka kwenda, mpeleke. Badala yake nikasema, "Ndiyo Aai, mwakani, acha mgongo upone kwanza." Angeondoka, ningebaki bila kazi, na wewe bila nyanya, na mimi bila mtu wa kuniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Nikayaita hayo kumjali mgonjwa.

Lile la kile kifuko ulikuwepo. Mimi na usafi wangu. Sisimizi waliingia chumbani, nikateremsha kila kitu rafuni, nikakuta nyuma ya sanamu kifuko chekundu chenye punje ngumu za kahawia. Nikadhani ni mchele uliosahaulika, nikautupa pamoja na maua makavu, na lori la taka likapita asubuhi hiyo hiyo. Jioni Aai alipapasa pale kwa mkono, akapapasa tena. Nilipomwambia, aliketi kitandani, akacheka, akasema wali wa Puri hauishi, mwakani ataufuata mwenyewe. Ni wewe uliyenieleza tukirudi nyumbani, kwa Kiingereza chako cha kupiga mbio, kwamba ni wali wa lile jiko la hekalu uliokaushwa juani, na kwamba punje yake huwekwa mdomoni mwa mtu anayekufa. Nilisimamisha gari kando ya barabara. Ukaniuliza kama mafuta yameisha.

Nilimwambia mwanawe. Akaagiza mwingine kutoka kwa binamu yake, na ulikuwa njiani Aai alipofariki.

Ulikuwa shuleni. Mwanawe alikuwa barabarani akija kutoka kazini, na theluji ilikuwa imewakwamisha watu wote. Alifungua mdomo. Nikamlowesha midomo kwa kile kisponji, akakisukuma kwa ulimi, mdomo ukabaki wazi. Nimewatunza wengi, najua mdomo wa mtu anayetafuta hewa, na ule haukuwa huo. Alikuwa anangoja. Nikakimbia jikoni, nikachukua punje moja ya wali wetu, ule niliokupikia wewe uje kula, nikamwekea ulimini. Akafunga mdomo. Sikumwambia ni wali wa wapi, na yeye hakuuliza. Ulipotoka shule nilikusimulia, ukanikumbatia miguuni, ukasema Aai hakuwa mtu wa kuchagua chakula. Sijui kama ulikuwa unaamini au unanihurumia. Mpaka leo nikipika wali nakaa kidogo kabla ya kufunua sufuria.

Jivu lake mwanawe alilipeleka kwenye ile bahari yenye kelele. Alifika, basi. Alifika kwa namna ambayo hakuweza kuona kitu.

Sasa unaenda wewe, kwa yule binamu wa mtoto wa Aai, kwa mwalimu aliyekutazama kwenye video akasema uje. Umenieleza kwamba hekalu lenyewe hutaingia, kwa kuwa wewe si wa dini yao. Utafika langoni ukomee hapo, na hao miungu utawaona zile siku chache tu za mwaka wanapotolewa nje na kupanda magari yao. Ulilisema kwa urahisi. Mimi nililala nalo vibaya. Nimekaa kwenye malango ya nchi hii muda mrefu, najua mtu anavyojifunza kucheka akiambiwa hapa basi. Usijifunze kucheka hivyo. Likikuuma, liache likuume, mwambie huyo mwalimu limekuuma, kisha mkacheze. Na watakukodolea macho, maana hawajaona wengi wenye ngozi yetu wakisimama kwa ile mipindo mitatu ya goti, kiuno na shingo. Mimi nikisimama hivyo wataniitia ambulensi. Wewe ukisimama hivyo naona mtu ambaye sikumlea peke yangu. Hilo liliwahi kuniuma pia, na sikukwambia.

Kwa nini nilisema kompyuta? Niliogopa maneno ya watu, huo ndio ukweli wa juu juu. Nilifikiria Mama Kyalo na wenzake wakisema binti wa fulani amekwenda kuchezea sanamu. Lakini chini ya hapo kuna jambo lingine. Mtu wa kompyuta hurudi. Anapata cheti, anarudi, anapanga nyumba Greenbelt, Jumapili anakuja kula. Mcheza ngoma ambaye mji umempenda, sijui. Nilisema neno ambalo mwisho wake naujua.

Na kuna hili, ambalo umelifikiria pia na hujalitamka: wewe unaweza kurudi wakati wowote, ila mimi siwezi kuja. Siwezi kuja kukuona ukicheza, wala kukuuguza ukishikwa na homa. Ukiolewa huko, nitakaa ukingoni mwa beseni na simu.

Muda mfupi uliopita nimempigia Mama Kyalo. Nimemwambia si kompyuta, ni ngoma, ngoma ya zamani ya hekaluni, mjini Puri, na kwamba unaicheza vizuri kuliko ninavyofanya mimi chochote. Nilijiandaa kwa hotuba. Yeye akauliza tu, "Na wewe utakaa na nani?" Nimelia kwenye simu, naye akalia, na amesema kesho atatusindikiza uwanja wa ndege wa Dulles kwa gari lake kwa sababu mimi sitafaa kushika usukani wakati wa kurudi. Ukimwona mlangoni asubuhi usishangae. Amekutengenezea mandazi.

Mama yangu aliniambia usije, nami nikabaki. Aai alisema mwakani, nami nikaitikia. Wote wawili walidhani wananirahisishia mambo, na nimeyabeba mpaka leo bila kujua pa kuyatua. Sitaki kukufanyia hivyo. Nikiugua nitakwambia njoo. Nitalisema neno lenyewe, na wewe utaamua ukijua. Nikikukosa nitapiga simu niseme nimekukosa, hata kama uko mazoezini, na unaweza kunikasirikia. Nawe ukilia huko usiniambie uko sawa, maana sauti yako naijua tangu haijawa na maneno.

Nasikia lifti. Labda ni wewe, labda ni jirani. Nimalize.

Uliniuliza Kiswahili, nakujibu Kiswahili. Sitaki uende. Nataka urudi jioni hii, ufungue masanduku, ukae hapa uniudhi kwa njuga zako mpaka nizeeke. Nimekaa wiki hizi zote nikitafuta ndani yangu sehemu inayotaka uende, nikuonyeshe, na sijaipata.

Nenda, mwanangu.

Mama yako